Mkuyu Wenye Nzi wa Kulesa

Niliondoka Kipini kwa sababu ya nzi. Maalim alinikuta chuoni nikiwatisha wenzangu kwa mdudu waliyedhani ni nyuki. Badala ya kunichapa, akamtazama mdudu.

"Huyu huelea hewani pasi kusogea," alisema. "Utotoni mwangu walijaa hapa, wakitaga kwenye mashimo ya miti mikubwa. Msitu ulipokatwa, wakapotea. Umemtoa wapi?"

"Kwenye mtumbwi wa ndizi kutoka Kulesa."

"Nenda basi, ukaone kama miti yao ingalipo."

Nikaenda kabla hajabadili nia.

Siku nne mimi na mwenye mtumbwi wa ndizi tulipanda mto, tukiusukuma mtumbwi kwa upondo. Kiboko mmoja alipiga miayo tukipita. Nikamsomea somo la juzi, akazama.

Kulesa nilipokewa na Komora, mrina asali, na mkewe Habona. Asubuhi Habona akanionyesha mkuyu mzee mwishoni mwa shamba lake. Shinani palikuwa na shimo lenye maji meusi, ndani funza wenye mikia mirefu, na juu yake nzi wetu wakielea. Mti wote ulizungushiwa kuni kavu.

"Kesho nauchoma," alisema. "Mahindi yangu hayaoni jua."

"Mama, upo mwingine wenye shimo kama huu?"

"Wenzake niliwachoma mwaka jana."

Jioni, tukila, Komora akajisifu kwamba kwa mila yao mti uliotundikwa mzinga haukatwi wala hauchomwi, hata na mwenye shamba, mpaka mwenye mzinga akubali. Mimi nikauliza mizinga yake mikuukuu huwekwa wapi, jambo lililomtia shaka Habona.

Alfajiri nikaupandisha mkuyuni mzinga mkuukuu wa Komora. Habona akaja na kijinga cha moto, mumewe nyuma.

"Nyuki wako wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha nzi. Mmoja akatua kiganjani mwake, akajisafisha miguu, akaondoka.

"Huyu ni nzi, mwongo wee."

Komora akacheka mpaka akakaa chini. "Mzinga ni wangu, Habona, na mimi sijakubali."

"Na mahindi yangu?"

Wote wawili wakanigeukia.

Siku tano nilimlimia kipande kipya cha mahindi upande wa mtoni, penye majani tu bila miti, na jua la kutosha. Habona alikuja kila adhuhuri kunionyesha mizizi niliyoiacha.

Nilirudi Kipini na malengelenge viganjani. Nimejifunza kwamba mti huokolewa kwa ujanja wa alfajiri moja, kisha kwa jembe. Nilimweleza Maalim yote. Magoti yake hayampeleki hata sokoni, lakini aliuliza mtumbwi wa Kulesa unaondoka lini.