Karburateri kwenye sahani

Leo beseni ya kuogeshea mutoto wangu inanuka esansi ya motokari. Bwana yangu ameoshea humo karburateri, kile chuma cha kuchanganya esansi mu injini ya motokari yake ya mbio, kuukuu, isiyotoka hata kwenye kiwanja chetu.

Nikiwa mutoto, baba naye alikuwa na motokari yake ya mbio. Aliiinua kwa resori, springi za kamyo kubwa, ili ipite mashimo ya barabara za mtaa wetu, Nyakasanza, na karburateri akaioshea mu beseni ya mama ya kuuzia samaki wa ziwani kule Tchomia. Soko lote likakataa samaki wale wenye kunuka esansi.

Mama akarudi, akasonga bugali, akamuwekea baba sahani iliyofunikwa. Baba akafunua: karburateri.

"Kula basi, weye na motokari yako!"

"Chumvi iko wapi?" baba akauliza.

Siye watoto tulicheka. Mama hakucheka.

Bugali yangu imeiva. Sahani ya bwana nimeifunika.