Shingo ya Mtoto wa Katogota

Sifa ni zako, Bwana, uliyeniacha nizeeke macho yangu yakiwa bado yanaona. Kwa macho hayo nimekula na kulisha watoto wangu, na kwa macho hayo hayo umenituma mahali ambapo sikudhani ningeitwa. Nisaidie niseme yaliyotokea bila kuongeza kitu.

Mimi ni mpiga picha. Nimepiga harusi, ubatizo na mazishi hapa Uvira tangu enzi za filamu, na ni mzee wa kanisa letu la Kasenga. Sisi wapiga picha wachache wa mtaa huo tumejitolea kwa kazi moja. Madaktari wa msaada wanapokaribia kuja kupasua watoto bure, sisi tunatangulia vijijini kuwapiga picha wagonjwa, kwa sababu madaktari hawawezi kupita kila kijiji cha tambarare ya Ruzizi. Wanatazama picha zetu, kisha wanaamua nani aitwe.

Mara hiyo nilikwenda kijiji cha Katogota na mwenzangu mwenye studio karibu na nyumba yangu. Huko tulimkuta msichana wa miaka kama saba, anayelelewa na bibi yake. Alipokuwa mdogo alimwagikiwa na mafuta ya mawese ya moto. Kidonda kilipopona, ngozi ilijikunja na kuvuta kidevu chini, karibu kigusane na kifua. Akitaka kumwona mtu mzima usoni, ilimbidi arudi nyuma na kupinda mgongo mzima. Mwenzangu alimpiga picha, mimi nikashika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga.

Madaktari walifika, wakaanza kazi. Asubuhi moja muuguzi anayepokea picha akanipigia simu. Alisema yule wa Katogota ameahirishwa, kwa kuwa madaktari wameona ana alama ndogo tu ya ngozi, na shingo yake haina shida. Angoje hadi watakaporudi.

Nilivaa viatu bila soksi, nikaenda studio. Mwenzangu aliifungua ile picha kwenye kompyuta. Mtoto alikuwa mzuri kama malaika wa kadi ya Noeli. Makovu yalikuwa yamelainishwa, na kivuli cha chini ya kidevu kilikuwa kimepakwa rangi ya ngozi hadi ikaonekana ana shingo.

"Minye nilimusafisha kidogo tu, Papa," alisema. "Nilimuonea huruma. Mutoto wa watu hawezi toka ku foto vile."

Msomaji amwelewe. Kasenga hakuna picha inayotoka studio bila kusafishwa. Bibi harusi akiona chunusi yake, picha anairudisha. Mkono wa mwenzangu ulifanya jambo ambalo hufanya kila siku, tena kwa upendo. Nilimwomba picha ya kwanza, ile isiyoguswa. Alikuwa ameshaifuta apate nafasi ya harusi ya Jumamosi.

Nilimpigia muuguzi, nikamweleza. Akasema madaktari wanaondoka karibuni, na nafasi moja anaweza kuwaomba waishike hadi jioni, si zaidi. Basi tukatoka.

Nimefundisha wengine subira kwa miaka mingi. Nimesimama madhabahuni nikawaambia wamngoje Bwana. Siku ile, kwenye kituo cha mabasi, dereva alipokataa kuondoka kabla ya gari kujaa, nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Niliomba, lakini sala ilikatika katikati kila nilipoona mtu anakuja barabarani na mzigo, nikitumaini ni abiria. Hatimaye gari lilijaa, tukaondoka. Mwenzangu alijaribu kuniambia kuhusu bei ya mchele, akaacha. Mjini Sange, gari lilipoishia, tulichukua pikipiki mbili, na kila tuliposimamishwa kwenye kizuizi nilihisi jua linakimbia peke yake.

Bibi alikuwa akianika mihogo. Alimsalimia mwenzangu kwa furaha, kwa sababu mwenzangu alikuwa amemtumia picha ile kwa simu ya jirani na kijiji kizima kilikuwa kimeiona. Nilipomweleza kwamba tunahitaji nyingine, ya shingo kama ilivyo, uso wake ulifungwa.

Alisema kwao mtoto hupigwa picha akiwa amevaa nguo ya sikukuu. Picha za vidonda amezijua. Wamekuja watu na magari makubwa, wakawapiga picha watoto wa jirani wakiwa na makamasi na matumbo wazi, wakaondoka, na hakuna aliyejua nyuso zile zilitumiwa kuombea nini. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Kwa nini tunataka mbaya?

Nilimwambia ukweli wote: kwamba ile nzuri ndiyo iliyomzuia mtoto. Alimgeukia mwenzangu polepole.

"Kumbe weye ndiye munganga," alisema. "Umemuponyesha mu simu."

Wanawake waliokuwa wakianika naye walicheka, na mwenzangu akatazama viatu vyake. Lakini bibi hakucheka. Aliendelea kugeuza mihogo, kipande kwa kipande, nami nilisimama pale na saa yangu, nikijua kuwa nikimharakisha nitampoteza. Ulimi wangu uliniwasha. Nilijikaza nikaketi chini, nikaanza kugeuza mihogo pamoja naye. Tuligeuza mstari mzima.

Mwishowe aliniuliza kama picha hiyo itaonwa na madaktari peke yao. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nitaifuta mbele yake siku mtoto atakapopasuliwa. Akajifuta mikono, akamwita mjukuu. Mwenzangu alisogea kufungua kola ya gauni.

"Acha. Nitafungua minye."

Alimfungulia vifungo mwenyewe, akaketi nyuma yake na kumshika mabega. Lakini kidevu kilikuwa kimeficha shingo, na mtoto hakuweza kuinua uso. Nikalala chali mavumbini na suti yangu ya kanisani, kamera ikitazama juu. Mwanamke mmoja alisema muzee ameanguka, mwingine akasema hapana, amechoka kutungoja. Mtoto akacheka. Alipocheka, ngozi ilijivuta, kamba zote za kovu zikasimama kutoka kwenye kidevu hadi kifuani. Nilipiga.

Siku ile simu haikushika mtandao Katogota. Tulihamisha picha kwenye simu ya mwenzangu, tukarudi hadi Sange, tukasimama karibu na soko, yeye akiwa ameinua simu juu kama mtu anayepima mvua. Picha ilipanda nusu, ikakwama, ikaanza upya. Jua lilikuwa limekwenda upande wa milima. Nilizunguka gari moja la mkaa mara nyingi hadi mwenyewe akaniuliza kama nataka kulinunua. Kisha ujumbe wa muuguzi ukaja: aletwe kesho alfajiri, asile kitu.

Kesho yake tulikuwa hospitalini Uvira, nje ya chumba cha upasuaji, bibi na mimi. Mwenzangu alikuwa amerudi Katogota usiku, akawaleta bibi na mtoto kwa pikipiki, akabaki uani, hakuthubutu kuingia. Bibi aliketi kwenye benchi kama jiwe. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Nilikwenda hadi dirishani, nikarudi, nikalitazama ziwa, nisilione.

Daktari alitoka akasema shingo imeachiliwa, ngozi mpya imetolewa pajani, na ingebidi kungoja kuona kama itashika. Mtoto angevaa kola ngumu kwa miezi. Bibi aliuliza jambo moja tu: kama ataona juu. Daktari akasema ataona.

Niliitoa kamera nikaifuta ile picha mbele ya bibi, kama nilivyoahidi; ile ya simuni mwenzangu alikuwa ameshaifuta mbele yake alfajiri. Bibi aliangalia hadi skrini ilipokuwa tupu, kisha akaniambia nikae sasa. Nikakaa.

Wewe unayesoma, Mungu akupe watu wa kukuona jinsi ulivyo na wasikuogope. Awalinde watoto wa nyumba yako na moto, na siku yako ya kungoja itakapofika, akutafutie nafasi kwenye benchi, na mtu wa kuketi naye. Amina.