Robo Dola za Védaste

Dola ya Goma ina maringo. Ikichanika padogo kuliko kucha, inakataliwa. Ikiwa ya mwaka wa zamani, muuza unga anaiangalia kama umemwekea panya mezani. Hapa tunajivunia kuijua dola kuliko Waamerika wenyewe.

Mama Nyirakamana, jirani yetu wa mtaa wa Mapendo, anauza viazi vya Kibumba. Mume wake Védaste alichunga ng'ombe wa misioni kule Masisi, na padri mmoja Mwamerika, akirudi kwao, alimwachia robo dola sita za mwaka 1964. Muzee alitembea nazo mfukoni mpaka zikalainika. Karibu kufa akasema, "Hii ni fedha ya kweli. Muyeyushe, mufanye pete ya binti yetu Igiraneza siku ataolewa. Nami nitakuwa pale."

Mwaka jana mama alikuwa akifungua fundo la kitenge amrudishie mteja chenji. Mteja, bwana wa shati safi, akaziona zile robo dola humo fundoni.

"Mama, hizi zimezeeka. Nikupe mpya, sita kwa sita?"

Zake zilikuwa za 2004, zinang'aa. Mama akambadilishia upesi, kabla mjinga huyo hajapata akili. Soko zima lilimpongeza.

Juzi, harusi ikikaribia, mama na mimi tulienda na Igiraneza kwa Papa Kambere, fundi wa pete. Akapitisha tupa kwenye sarafu moja. Wekundu ukatokea.

"Mama, hii ni shaba."

"Shaba gani? Angalia mwaka, ni mpya!"

"Ndiyo ugonjwa wake. Robo dola ya 1964 kurudi nyuma, sehemu tisa katika kumi ni fedha. Kuanzia 65 waliweka shaba na nikeli. Upya tunautafuta kwa noti, mama. Fedha inaenda kwa mizani."

"Basi yeyusha hivyo hivyo."

"Niyeyushe nini? Nina pete za shaba hapa, mutoto achague."

Igiraneza hakuangalia pete. Aliokota sarafu moja, akaisugua kwa kidole gumba, vile baba yake alizoea kufanya.

"Mama, Papa alishikaga hii?"

 

"Hapana, mwanangu. Hii hakuishika."

Igiraneza akairudisha mezani taratibu, kama kitu cha watu.