Moshi Ndani ya Mtumbwi

Ifakara ya utoto wangu, miaka ya tisini, mtu akisema anaumwa aliulizwa kwanza anaumwa nini. Akijibu ni homa, aliyeuliza alitulia. "Kumbe homa tu," angesema, na mazungumzo yakarudi kwenye mvua na mpunga. Hilo neno "tu" lilinikera tangu nikiwa mdogo, na linanikera hadi leo. Homa yenyewe ilikuwa malaria, na kila mtu alijua. Shuleni tulishachorewa mbu ubaoni, miguu mirefu na tumbo limejaa. Lakini kinachompata kila mtu hukosa heshima. Tuliizoea homa kama tulivyozoea tope la masika.

Nyumbani kwetu ilikuja kwa zamu. Akiinuka mama, nalala mimi; nikiinuka mimi, analala bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, naye alipopata ruhusa ya kuja kutuona alikuja na homa yake mwenyewe, ya huko huko. Ukishika njia asubuhi kutoka kwetu hadi Kiberege, karibu kila ua ulikuwa na mtu aliyejikunyata juani, amejifunika khanga au blanketi, anatetemeka. Tulimpa pole na kupita. Kesho yake yeye ndiye angetupa pole sisi.

Chandarua tulikuwa nacho kimoja, cheupe, baba alikileta. Bibi alikikunjua, akakitazama vizuri, akasema yeye hajafa bado, hawezi kulala ndani ya sanda. Kikabaki sandukuni.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke tulifunga mlango wa nyumba, tukavuka mto kwenda kukaa shambani mpaka mavuno. Bonde zima lilifanya hivyo. Watu waliishi kwenye vibanda vya nyasi katikati ya maji yaliyosimama, maana wasipokuwapo kwelea kwelea watamaliza shamba kabla ya mwenyewe kuonja punje. Kazi ya kuwafukuza hao ndege tunaiita kuamia. Unakaa juu ya ulingo, jukwaa la miti lenye paa dogo, umeshika kamba zilizofungwa makopo yenye mawe. Kundi likitua, unavuta na kupiga kelele.

Na kwetu kazi hiyo alipewa mwenye homa. Wazima walikwenda kupalilia na kukata kuni. Mgonjwa alipandishwa ulingoni na kata ya maji na blanketi. "Kwa jembe hafai," bibi alikuwa akisema, "lakini mkono wa kuvuta kamba anao." Leo nikiwasimulia watu wa mjini wanaona ni ukatili. Sisi tuliona ni busara, maana huko juu kulikuwa na upepo na mtu hakuulizwa kitu.

Nisidanganye, nilizipenda siku hizo. Baridi ilipopita na joto kupanda, shamba lilianza kuelea. Masuke yaliinama na kuinuka bila upepo. Milima ya Udzungwa ilisogea karibu mpaka nikaona ningeweza kuigusa, kisha ikarudi taratibu mahali pake. Ndege walitua wengi, kimya, na sauti ya makopo ilinifikia imechelewa, kana kwamba kamba ilikuwa imevutwa na mtu mwingine jana. Nilizungumza na baba kwa muda mrefu, naye alinijibu. Jioni mama alikuja na vidonge vya klorokwini, vichungu, ambavyo baadaye viliniwasha mwili mzima hadi nikajikuna kwenye nguzo za ulingo kama ng'ombe.

Msimu ninaoukumbuka zaidi, zamu zilivurugika. Homa ilitushika mimi na mdogo wangu wa miaka minne kwa pamoja, tukapandishwa ulingoni wote wawili. Alilala kichwa kikiwa pajani mwangu. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, na nilikuwa katika ule usingizi wangu wa macho wazi, nikamsikia anakaza mwili. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa meupe matupu na mdomo unatoa povu. Mikono ilirukaruka. Nilimwita mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mama alikuja mbio kupitia majini, bibi nyuma yake. Walimshusha, wakamlaza kwenye mkeka kibandani. Bibi alimtazama mara moja tu.

"Degedege," alisema, kwa sauti ya chini.

Kwa mama, aliyefika darasa la saba, degedege ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Kwa bibi, na kwa wengi wa rika lake, hayo yalikuwa mambo mawili yasiyojuana. Malaria ilikuwa ya mbu na ya hospitali. Degedege ilitokana na kivuli cha ndege aliyeruka juu ya mtoto, na ilikuwa na sharti: mtoto afukizwe kwanza, kwa moshi wa kinyesi cha tembo kilichokauka. Akichomwa sindano kabla ya moshi, anakufa. Bibi hakuwa akisimulia ya kusikia. Kitindamimba wake, mdogo wake baba, alipatwa na degedege zamani, akapelekwa zahanati, akachomwa sindano, akarudi nyumbani amefunikwa shuka.

"Mama, tunavuka," mama alisema. Alikuwa tayari anamfunga mtoto mgongoni. "Tunampeleka hospitali."

"Hajafukizwa."

"Hatuna muda, mama."

"Sindano itamwua, mwanangu. Mimi nimeona."

Nilingoja mama apandishe sauti, na nadhani nilitaka apandishe. Hakupandisha. Aliangalia mafiga, ambako makaa ya asubuhi yalikuwa bado mekundu, kisha akamwangalia bibi.

"Basi beba moto," alisema. "Umfukize njiani."

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Bibi alitia makaa kwenye gae la chungu, akafungua mfuko wake, akachukua kile kinyesi, maana masika hakukosa kuwa nacho. Mimi nilifuata nyuma na homa yangu, nimeshika pindo la khanga ya bibi, maji ya shamba yakiwa vuguvugu miguuni. Mtoni, mvushaji alipoona gae alisema, "Shikamoo bibi. Huo moto utaniunguzia mtumbwi." Bibi aliitikia marahaba, akaingia, akaketi.

Sijawahi kuuona mto ule tena kama nilivyouona asubuhi hiyo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maji, na moshi wa gae ulipanda kukutana nao, mzito, wenye harufu ya nyasi kavu na zizi. Mama alimlaza mtoto mapajani. Bibi aliinama, akajifunika khanga yeye na mtoto pamoja, na moshi ukatoka pindoni polepole. Ndani ya khanga alinong'ona Kipogoro, maneno ambayo sikuyajua. Upondo wa mvushaji uliingia majini, ukatoka, ukaingia. Kuna wakati niliona kwamba hatuendi popote, ni ukingo wa mto unaotufuata, na kwamba tukiendelea kukaa kimya hivyo mdogo wangu atabaki nusu njia, wala hatakufa. Sikuogopa kabla ya hapo. Nilipojikuta nimewaza kufa ndipo nilipoogopa, nikaanza kulia, na mama akanishika kisigino bila kunitazama.

Hospitalini, wodi ya watoto ilikuwa imejaa. Vitandani watoto walilala wawili, hata watatu, na wengine sakafuni kwenye khanga za mama zao, na wote walikuwa na ugonjwa ule ule wa "homa tu". Walitoka kila upande wa bonde, wengine Chita, wengine Sanje. Nilisimama mlangoni, kichwa kinazunguka, na chini ya harufu ya dawa ya kusafishia sakafu nikasikia harufu nyingine. Ilitoka kwenye nywele za watoto na kwenye khanga zilizowafunika. Ulikuwa moshi wa kinyesi cha tembo. Karibu kila mama mle ndani alikuwa amepitia kwanza kwa mtu kama bibi. Wengine walikuwa wamekaa huko mno.

Muuguzi alimpima mdogo wangu haraka, akaondoka, akarudi na sindano ya kwinini.

"Mama, mshike mguu vizuri," alisema. "Usimwachie atikisike."

Mama alinyoosha mikono. Bibi akamsogeza kwa bega.

"Nitamshika mimi."

"Mama, si ulisema..."

"Nilisema, na bado nasema. Moshi wa njiani hautoshi." Alikuwa ameshaukamata mguu. "Akifa, mumeo ataambiwa ni mimi, mama yake, niliyemshika. Wewe hutanyooshewa kidole na mtu. Wangu nilimshika mwenyewe. Mume wangu aliniita muuaji mpaka alipoingia kaburini."

Hakuna aliyekuwa amewahi kutuambia hilo. Mama alibaki ameziba mdomo kwa khanga. Bibi aligeuza uso ukutani, akakaza vidole kwenye paja la mjukuu wake, na muuguzi akachoma.

Mtoto hakulia. Nilimwona bibi akifumba macho. Kisha mdogo wangu alivuta pumzi, akatoa kilio kidogo, chembamba, cha kulalamika, halafu kikubwa, na akaanza kupiga mguu mwingine hewani kwa hasira.

Bibi akaketi sakafuni pale pale, katikati ya mama za watu. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Wangu hakulia," alisema.

Mama akaketi kando yake. Mtoto aliendelea kulia kwa muda mrefu, na hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.