Mahindi ya Sadaka ya Bwana Salehe

Hadi leo nikifungua gunia nikapigwa na ile harufu ya ukungu, harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, uso wangu hubadilika. Watoto wangu hunicheka, husema mama kamwona adui. Hawajakosea sana.

Adui wangu aliitwa Bwana Salehe. Alikuwa na duka la nafaka karibu na Barabara ya Biashara, na Mji wa Kale mzima ulimsifu kwa ukarimu. Miaka ile ya tisini, kila mvua ilipoingia ghalani mwake na mahindi yakaota ukungu wa kijani, aliwagawia wajane, akaombewa dua. Mama alikuwa mjane. Kurudisha sadaka ilikuwa aibu asiyoiweza.

Kazi ya kuyaokoa mahindi ilikuwa yangu. Niliyasugua kwa maji ya chumvi, nikabadilisha maji mara tatu, nikayaanika juani mpaka yakameremeta. Unga wake haukunuka chochote. Mama alinisifu kwa majirani, nami nilijiona si haba.

Kisha mama akaanza kufura. Asubuhi uso ulikuwa umejaa, na viatu havikumwingia. Hospitali walisema figo zimechoka. Katika mengi aliyotuonya, daktari alitaja chakula kilichoota ukungu, na papo hapo nikampata wa kumlaumu.

Ramadhani ilipoingia, Bwana Salehe akaleta gunia jingine. Safari hii sikuosha. Nilipeleka mahindi kusagwa vivyo hivyo, nikapika uji wa pilipili manga, nikaufunika kwa kawa na kuupeleka kwake kabla ya magharibi, kama majirani wanavyopelekeana futari. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa na huruma hata chembe. Nikakaa hapo kungoja adhana.

Wageni wake walikuwa bado wanakula tende. Bwana Salehe aliinua bakuli, likafika puani, likakoma hapo.

"Mwataka kuniua?" akang'aka.

"Ni mahindi mliyotupa sadaka, ami," nikajibu kwa adabu zote.

Wageni wakaacha kutafuna. Uji ukamwagwa uani mbele ya macho yangu, nami nikarudi nyumbani nikirukaruka. Alijua! Siku zote alijua.

Mama alipopata habari hakunipiga. Alivaa buibui, akaiburura miguu yake iliyofura mpaka kwa Bwana Salehe, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Naye akamsamehe. Yeye, amsamehe mama! Hasira ile ninayo mpaka sasa. Mama alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Bwana Salehe alizeeka vizuri, na alipougua alituma mtu kuniomba radhi. Nilimwambia mjumbe arudi, sina.

Ukubwani nilimuuliza daktari mwingine. Alisema hawezi kuapa kwamba ni mahindi yaliyoharibu figo za mama, maradhi ni mengi. Lakini sumu ya ukungu, alisema, haiishi kwa kuoshwa, wala kwa jua, wala kwa moto. Kinachoondoka ni harufu. Niliondoka bila kumuaga. Bwana Salehe aliokolewa na pua yake. Mama hakuipata nafasi hiyo, kwa sababu mimi nilikuwa nikiyaosha vizuri mno.