Kibuyu Nilichokiangua Kibichi

Siku moja siisahau, mwanangu Bhoke: nilimpa mama mkwe wangu kibuyu cha maziwa nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na maziwa yakatoka machungu kama dawa ya malaria. Keti hapa bibi yako nikusimulie, na hiyo kadi uliyomtengenezea mama yako usiitupe kwanza. Najua gundi imekunja karatasi. Najua kaka yako amekucheka, na sasa unataka mama anunuliwe kitu cha dukani. Duka halikimbii.

Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Nyarero, nimetokea Mugumu mjini. Kwetu maziwa tulinunua, tukayaweka kwenye jagi la plastiki, basi. Hapa nikamkuta mama yake babu yako, mwanamke wa maneno machache, na kibuyu chake cha maziwa kimepasuka. Alikishona kwa uzi, kikavuja, akakishona tena. Maziwa ya kwenye jagi aliyasogeza pembeni, akisema yananuka duka. Mimi aliniita mgeni. Mgeni amekula? Mgeni amerudi kutoka kisimani? Hakuwa na ubaya, lakini nilikuwa naumia. Mgeni huwa anaondoka, na mimi nilitaka kukaa.

Nikaomba mbegu kwa jirani, nikaziotesha nyuma ya jiko. Mche ukatambaa hadi juu ya bati. Niliongea nao kuliko nilivyoongea na mume wangu, na wala sijuti. Kibuyu kimoja kikanenepa vizuri, shingo ndefu. Krismasi ilipokaribia, na ndugu wote wa mume wanakuja, nikakiangua. Kilikuwa bado cha kijani. Sikumuuliza mtu, maana nilitaka iwe siri. Nikakitoboa, nikakikwangua ndani kwa kijiti, nikakianika juani, kisha nikakivisha shanga nyekundu na nyeupe shingoni.

Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akakijaza maziwa yagande. Siku ya sikukuu nyumba imejaa watu, ugali uko mezani, akamimina. Wifi yangu mkubwa akaonja, akaenda kutema nje. Tumbo la kibuyu nalo lilikuwa limelegea na kubonyea. Wifi akasema, kila mtu akisikia, kwamba vibuyu vya watu wa mjini ndivyo vilivyo. Wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama mkwe hakucheka. Alichukua kikombe, akapiga funda moja, akameza.

"Ni machungu," akasema. "Lakini ninyi nimewazaa, nimewalea, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kibuyu changu kinavuja." Kisha akanigeukia. "Gati, mwanangu, kesho njoo nikuonyeshe kibuyu kinavyosubiriwa."

Gati. Jina langu lilikuwa halijawahi kutoka mdomoni mwake. Nilienda nyuma ya jiko, nikalia, na nilikuwa na furaha ambayo hadi leo nikiikumbuka kifua kinajaa.

Alinifundisha kukiacha kwenye mche hadi kikonyo kikauke chenyewe na ganda ligongeke kwa ukucha kama mlango. Alinifundisha kukijaza maji hadi nyama ya ndani ioze, kukitikisa na changarawe, na kukisugua ndani kwa kijiti kilichochomwa, hadi kinukie moshi. Tulifanya kazi hiyo pamoja, kidogo kidogo, yeye ananisema na mimi namtania. Kibuyu kipya kilipokuwa tayari, akazihamishia humo shanga zangu. Ndicho hicho tunachotumia kukumiminia maziwa kila asubuhi. Kile kilichobonyea alikitundika ukutani juu ya kitanda chake, na tulipokwenda kumzika kilikuwa bado pale. Namshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama. Nilikuja kwake na kitu kibovu, akanipa nyumba.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukitaka kumtengenezea mtu wako kitu, uliza wanaojua, na usikimbizane na sikukuu. Mboga, kadi, kitambaa cha kushona, kila kimoja kina muda wake. Lakini kikikuharibikia, mpe hivyo hivyo, tena kwa mkono wako, maana atajua kuna mtu alikaa akamfikiria. Mengine utajifunza baadaye. Na siku utakapopewa wewe kitu kilichopinda, meza kwanza funda lako, kisha mwite aliyekupa kwa jina lake.

Mungu aibariki mikono yako hiyo yenye gundi. Akupe watu wa kuwatengenezea na watu wa kukutengenezea, na katika nyumba yako asiwepo wa kuitwa mgeni. Haya, mama yako huyo anaingia kutoka shamba. Mpelekee.