Uzito Mara Kipimo

Mfamasia wa wodi ya watoto hupiga vitufe vya kompyuta kama anayetwanga, na kila akimaliza mstari husonya. Muuguzi wa zamu alikwisha kumzoea. Alijua pia kwamba katika jedwali la dawa la kompyuta hiyo, safu ya kilo za watoto mfamasia aliipa jina Uzito, na safu ya kiasi cha dawa kwa kila kilo akaiita Kipimo. Fomula ikasomeka Uzito mara Kipimo, na kila mstari ukajichukulia kilo za mtoto wake mwenyewe.

Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano, kando ya kitanda cha mtoto, aliposikia kiti cha mfamasia kikianguka.

“Nani kafuta majina yangu?”

“Mimi,” daktari mkuu wa wodi akajibu kutoka meza ya pili bila kuinua uso. “Yalinichanganya. Kwenye fomula nimeandika namba za visanduku vya jedwali tu. Si hesabu ile ile?”

“Ile ile? Hebu soma! Umeruka mstari! Mtoto wa kilo nane umempa dozi ya jirani yake wa kilo ishirini!”

Mfamasia alimjia muuguzi mbio, mishipa ya shingo imemsimama, akampokonya sindano na kuimwaga yote kwenye sinki.

Mama aliyempakata mtoto akainuka kitandani. “Dada, kuna nini?”

Mfamasia alimgeukia daktari mkuu, na sauti yake ikashuka.

“Mwambie wewe.”